Anayeitwa Karasha Likigoma

Tangu nistaafu nimepata wageni wengi kuliko nilivyowahi kupata nikiwa kazini. Vijana mliomaliza chuo cha ufundi mnakuja hapa Nyamisangura, mnaulizia nyumba ya mzee Chacha fundi wa paneli, mnaamkia shikamoo vizuri kabisa, mke wangu anawaletea uji, nami najiweka sawa kitini tayari kumwaga ujuzi wangu wote. Halafu linakuja swali la kwanza: "Mzee, ni kweli ulifanya kazi na Mwita?"

Huo uji natamani niwanyang'anye.

Ndiyo, nilifanya kazi na Mwita. Nimemfahamu kabla baba zenu hawajaota ndevu. Mimi na yeye ni saiga moja, yaani tulitahiriwa msimu mmoja, tukasimama mstari mmoja, hakuna aliyepepesa jicho. Kwetu Wakurya mtu wa namna hiyo anaingia kwako na kufunua sufuria bila kuuliza, unamtukana na hakasiriki. Na hapo ndipo penye maumivu. Mzungu aliyekuja na helmeti yake na kuondoka na ndege yake simwonei wivu, hata kwao sipajui. Tajiri mwenye mgodi namwacha na utajiri wake. Lakini mtu mliyekaza naye meno siku moja, halafu watu wanamwita yeye, na wewe umesimama pale pale na bisibisi mkononi? Weee! Hiyo haimezeki.

Maana katika kazi yetu heshima ni moja tu, na nataka muijue mapema. Mtambo ukigoma, nani anaitwa wa kwanza? Basi. Vyeo vingine vyote ni rangi ya ukutani. Mimi nilitaka kuwa huyo anayeitwa. Nililitaka jambo hilo kuliko nilivyotaka ng'ombe, na mnajua mtu wa Tarime anavyotaka ng'ombe.

Wakati ule dhahabu ilikuwa imewapandisha watu wazimu. Kule Nyakunguru kila ukikanyaga ni shimo, na kila penye shimo pana karasha, hicho kinu cha chuma cha kusagia mawe, kinanguruma kutwa. Wakenya walivuka Sirari na mabegi yao wakiuliza, "Boss, hii machine iko na shida gani?" na kabla hujajibu wameshaifungua. Mwenye planti yetu, ambaye sote tulimwita Bosi tu, alichoka na makarasha madogo. Akajenga planti ya maana: karasha kubwa, matanki ya kuchenjulia, mapampu, na chumba kimoja cha kuongozea vyote. Akamleta Mzee Manyama, Mwikoma wa upande wa Serengeti, aliyekuwa amezeekea kwenye mitambo ya watu, aje aijenge na kutufundisha mimi na Mwita.

Mzee Manyama alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yalikuwa ya kukufokea. Siku ya kwanza alitusimamisha mbele ya tanki tupu.

"Chacha, mtambo unaojiongoza unafanya nini?"

Nikaanza: una waya, una rilei, una kontakta...

"Sijakuuliza una nini. Nimekuuliza unafanya nini."

Nikamgeukia Mwita. Naye alikuwa ananitazama mimi, siku hiyo tulikuwa sawa. Mzee akatueleza. Mtambo unaojiongoza unaona, unalinganisha, unatenda. Sensa inaona maji yamefika wapi tankini. Lile boksi la kuamua, sisi tulikuwa tunaliita ubongo, linalinganisha na pale ulipoliambia maji yakae. Halafu valvu inafunguka au pampu inapunguza mwendo. Kisha unaona tena, kwa sababu kutenda kumebadilisha kitu. Ni hivyo tu kutwa kucha, na mengine yote mtakayosoma ni namna ya kufanya hayo matatu bila papara. Ukiuwekea ubongo hasira nyingi, kila maji yakisogea kidogo unarukia valvu, basi tanki halitulii. Mmewaona wachungaji wageni? Ng'ombe akigeuza shingo tu fimbo, kundi linakimbia kushoto, fimbo, linakimbia kulia, mpaka jioni hakuna aliyekula majani. Valvu yenye hasira ni hivyo hivyo.

Hili la hasira mimi nilikuwa nalishika vizuri kuliko Mwita. Lazima niseme, maana hakuna mwingine atakayewaambia. Kutuliza tanki nilikuwa naweza kwa kusikiliza mlio wa pampu tu. Mzee mwenyewe aliwahi kusimama nyuma yangu akaguna "Mm," na kwa Mzee Manyama guno hilo lilikuwa sherehe. Niligeuka haraka kuona kama Mwita amelisikia. Alikuwa nje, anapiga soga na wanawake wanaoosha sakafu.

Mnaona? Mimi natuliza tanki, yeye anapiga soga. Halafu mnakuja kuniuliza habari zake.

Sasa kuna jambo la pili ambalo Mzee alitugombeza nalo zaidi, nalo ni mahitaji. Kabla hujagusa waya, sema mtambo unatakiwa ufanye nini, kwa maneno ambayo mtu anaweza kuja kuyapima akakwambia ndiyo umefanya au hapana hujafanya. Bosi alikuwa anapenda kusema, "Nataka pampu nzuri." Mzee akawa anamjibu mbele yetu, "Nzuri nitaipima kwa rula ipi, mzee? Sema isukume tope kiasi gani, lifike wapi, na isimame lini." Bosi ananuna, lakini anasema. Na usiandike kwamba unataka sensa ya aina fulani, hiyo ni dawa, wewe kwanza taja ugonjwa. Andika kwamba tanki lisimwagike. Namna ya kulizuia lisimwagike mtabishana baadaye.

Nami nilikuwa na paneli yangu, niliyoitengeneza kwa mikono hii. Taa kijani, nyekundu, njano, na bluu niliyoagiza Mwanza. Ukiiwasha chumba kizima kinang'aa utafikiri ukumbi wa harusi. Watu walikuja kuitazama. Mzee Manyama alikuja pia, akaweka kidole kwenye taa ya kwanza.

"Hii inasemaje?"

"Pampu inafanya kazi, mzee."

"Na mtu akiiona afanye nini?"

Nikafikiri. "Afurahi."

"Toa." Akasogeza kidole. "Na hii?"

Alipomaliza kusogeza kidole, paneli yangu ilibaki na mataa machache ya kuhesabika, na ile ya bluu haikuwemo. Akaniambia mtu wa zamu akizungukwa na taa za kufurahia hataiona taa ya kumtisha. Ni kweli. Lakini ile bluu ilikuwa nzuri, jamani.

Mwita alicheka mpaka akakaa chini. Kwa hiyo ilipofika zamu yake kuangukia pua, mnielewe nilivyofurahi.

Yeye alipewa kazi ya tahadhari: tope likikaribia kumwagika tankini, watu wajue. Akasema hitaji lake ni kwamba kila mtu asikie. Akapanda juu ya paa akafunga king'ora, likitu likubwa lenye mdomo kama wa tarumbeta. Tukajaza matanki maji matupu kwa majaribio, sayanaidi, ile sumu ya kuchenjulia dhahabu, ilikuwa bado stoo. Kwenye pampu alikuwa mama mmoja hodari anaitwa Bhoke, mkazi wa kijiji hicho hicho, na kazi yake maji yakizidi ni kufunga valvu. Asubuhi kweupe maji yakapanda, king'ora kikalia.

Kililia, hicho king'ora cha Mwita, hadi nikaziba masikio.

Sasa nyinyi mnaotoka mijini sikilizeni. Kwetu kelele ya namna hiyo ina maana moja tu: tumeingiliwa, ng'ombe wanakwenda. Na ukisikia yowe huulizi, unapokea, unalipeleka kwa jirani na kushika njia. Mtu mmoja ng'ambo ya uzio akapokea kwa yowe. Kilima kinachofuata kikapokea. Kabla sijamaliza kuuliza kuna nini, wanaume walikuwa wanashuka na mapanga, mikuki, pinde, mmoja ana sime huku shati bado halijafungwa vifungo. Wengine waliziba njia ya kwenda mpakani. Walinzi wetu, ambao nao ni watu wa hapa hapa, walifungua geti wakatoka mbio kujiunga na msako. Wenye kusukuma mikokoteni wakatoka. Na Bhoke, ambaye dunia nzima ilikuwa inapigiwa kelele ili yeye afunge valvu, aliacha valvu akakimbia nyumbani kuwaingiza ndama na watoto ndani.

Tanki lilimwagika mpaka likachoka. Planti nzima tulibaki mimi, Mwita na Mzee Manyama, maji yamefika kwenye viatu, na nje wanaume wenye silaha wanaulizana adui yuko wapi.

Bhoke alirudi anahema. Mwita akamuuliza, "Mama, ulikwenda wapi?"

"Kuangalia ng'ombe."

"Wapo?"

"Wapo wote, Mungu ni mwema."

"Na tanki?"

"Tanki gani?"

Nilifurahi, vijana. Sitaki kuwadanganya. Nilijisemea, ya Mwita yameisha leo, Bosi akisikia hili atamrudisha kwao kuchunga. Nilikwenda kununua soda nikainywa taratibu.

Wazee wa kijiji wakaitisha ritongo, ule mkutano wetu wa hadhara wa kusemea mambo ya usalama, wakamwita Mwita ajieleze kwa nini amepiga yowe la uongo. Kosa zito hilo, kijiji kikizoea yowe la uongo siku ya kweli hakitoki. Nilikwenda mapema nikakaa mbele. Nilitegemea atatafuta maneno ya kitaalamu ya kujifichia, kama ambavyo ningefanya mimi. Mwita akasimama akasema, "Wazee wangu, nimekosa. Nilifunga kitu bila kuwauliza mnakisikiaje. Sasa nauliza. Maji yakijaa, nimwambie nani, na kwa sauti gani?"

Pakazuka kicheko, kisha ubishi. Mmoja anasema kengele, mwingine anasema hapana, kengele ni ya kanisa, watu watavaa suti. Mwingine anataka pembe, akazomewa. Ndipo kutoka upande waliokaa akina mama Bhoke akasema, tena kwa ukali:

"Anayefunga valvu ni mimi. Niambieni mimi. Majirani mnawaambia ya nini?"

Mwita akaishika kauli hiyo kama mtu aliyeokota dhahabu. Hitaji lake akaliandika upya kutokana nayo: tahadhari imfikie yule anayepaswa kutenda, imwambie atende nini, na asipotenda pampu ijisimamishe yenyewe. King'ora kikashuka. Ikawekwa taa moja nyekundu na king'ong'o kidogo, kidude cha kuvuma kama nyuki, mezani kwa Bhoke, kinachosikika mpaka mlangoni tu, na boya tankini la kukata umeme wa pampu maji yakipita alama. Tangu siku hiyo tanki lile halikumwagika tena, nami nilikuwa nalitazama kwa makini sana, nikisubiri.

Vijana, hilo ni somo kubwa kuliko yote niliyonayo, na mnalisikia kwangu ingawa ni lake. Kila tahadhari unayofunga, jiulize inamwambia nani na anatakiwa afanye nini. Kama hujui, unapiga yowe tu.

Lakini niambieni kama kuna haki hapo. Mimi nilikosea na taa zangu, nikachekwa, basi. Yeye alikosea mpaka vilima viwili vikatoka na mikuki, na kwa kosa hilo hilo akawa maarufu! Kila mwenye karasha Nyakunguru alitaka kumwona yule fundi aliyesimama kwenye ritongo akaomba radhi. Wakawa wanamwita. "Mwita, njoo, pampu inazima." "Mwita, motor inaungua." Napita na begi langu la vifaa, watu wananisalimia, "Chacha, umemwona Mwita?" Mzee Manyama alipoondoka kurudi kwao, Bosi akampa Mwita usimamizi wa chumba cha kuongozea. Usiku huo mke wangu aliniuliza mbona sili. Nikasema nyama ngumu. Ilikuwa mboga za majani.

Nikakaa chini ya Mwita muda mrefu. Hakunisumbua hata siku moja, hilo nalo likaniudhi. Angenisumbua ningemchukia nikapumzika.

Halafu siku moja akasema anaacha. Amechoka na tope na sayanaidi, amepata eneo Mbalibali, anataka kufuga na kulima. Nilidhani utani. Akafunga virago kweli, akanikabidhi funguo, akanipiga begani, "Mura, kijana mwenzangu, ni kwako sasa." Nikapewa usimamizi. Mngeniona nilivyotembea wiki hiyo! Nilisubiri mtambo ugome ili niitwe.

Ukagoma. Chini ya karasha kuna kisima kidogo cha chuma kinachopokea tope lililosagwa, na pampu inalinyonya kulipeleka mbele. Sensa inaona kimo cha tope, pampu inaongeza au inapunguza mwendo. Ghafla kikawa hakitulii. Tope linapanda, pampu inakimbia, tope linakwisha, pampu inanyonya hewa na kujizima, na ikijizima karasha lazima lisimame. Ukiwasha, linatulia, halafu lile lile. Ugonjwa wa kutotulia, ugonjwa wangu mimi! Nikasema leo wataona.

Nilipunguza hasira ya ubongo. Nikaiongeza. Nikabadilisha sensa. Nikafungua pampu, nikaifunga. Nikakagua kila waya. Karasha likawaka, likazima. Siku ikaisha hivyo. Ya pili nayo ikaisha hivyo. Wafanyakazi wakakaa kwenye kivuli cha stoo bila kazi, na nikipita nasikia wanavyonong'ona, na nanyi mnajua jina gani linanong'onwa. Bosi alikuja akasimama mlangoni, akaondoka huku akichezea simu yake. Nikajua kiti kinaondoka. Nilikitaka miaka yote hiyo, na kinaniponyoka hata hakijapata joto langu.

Asubuhi iliyofuata nikachukua simu. Nilitaka kwenda nyuma ya choo nipige kimya kimya. Lakini kule kwetu, vijana, mtandao ulikuwa na dharau zake: ukisogea kidogo simu inakukaribisha Kenya. Mahali pekee penye mtandao wa kwetu ulioshika vizuri palikuwa kwenye kichuguu karibu na geti, pale pale walipokaa wafanyakazi wote. Nikapanda kichuguu. Wote wakatega masikio, washenzi.

"Mura," nikasema.

"Chacha!" Nasikia na ng'ombe nyuma yake. "Habari za kazi?"

"Pampu ya chini ya karasha inanyonya hewa." Nikamweleza yote niliyofanya. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza.

"Ubongo ni mzima," akasema. "Hapo kwa kutuliza hakuna anayekushinda, kama umeutuliza wewe basi umetulia. Ila niambie, nani anaosha sakafu siku hizi?"

"Sakafu?"

"Ndiyo, sakafu. Bado ni wale akina mama?"

Niliziba simu nikauliza. Bhoke, naye alikuwa amekaa pale kivulini, akajibu kwamba wale wa zamani wameondoka, wapo wapya, na wameletewa mpira mpya wa maji, mnene, wenye nguvu kweli kweli. Na maji ya sakafu yanakwenda wapi? Yanateremka mferejini, yanaingia kwenye kile kisima cha chini ya karasha. Wanafungua mpira, kisima kinajaa kwa nguvu, pampu inakimbia kuyafukuza maji. Wanafunga mpira, pampu bado inakimbia, kisima kitupu. Nilikuwa naona kimo cha tope kwenye kioo cha paneli, sikutoka nje kuona nani anakijaza.

Tukabadilisha mpira, tukawaomba wale akina mama waoshe kidogo kidogo. Karasha likawaka. Likazunguka mpaka mchana, likazunguka mpaka jioni.

Bosi akaja. Nilikuwa nimesimama mbele ya paneli, tope mpaka magotini. Akanishika mkono, "Fundi, umeniokoa." Ningeweza kunyamaza, lakini planti nzima ilinisikia kwenye kichuguu, ningenyamazaje?

"Ni Mwita," nikasema. Lilitoka kwa shida kama jino.

Bosi akacheka. "Najua. Jana nilimpigia aje, nikamwambia nampa kiti chake. Akakataa. Akasema, planti yako ina fundi, mwache kwanza, akikwama atanipigia mwenyewe. Akasema nisikwambie."

Halafu akaenda zake. Mimi nikabaki na zile taa chache. Tangu jana alikuwa Mbalibali na ng'ombe wake, simu mfukoni, anangoja nimpigie ili kiti kibaki kwangu. Nilikikalia kiti hicho mpaka nastaafu, na kila nikikikalia nililijua hilo. Hata kwa uungwana, vijana wangu, yule mshenzi alinishinda.